Pikapu ya Kumpokea Mehluli

Kule Kezi, kusini mwa Bulawayo, MaNdlovu alijulikana kwa kushona sare za shule, basi. Mwanamke mfupi, sauti nyembamba, vidole visivyotulia. Hata kanisani, mchungaji akihubiri, yeye alikuwa akipima kwa macho mabega ya watu wa benchi la mbele. Mumewe, Mehluli, alijenga maghorofa Johannesburg na kurudi nyumbani Krismasi hadi Krismasi. Kila akirudi, aliikuta pikapu ya marehemu baba yake palepale bandani. Aliipangusa vumbi, akaiwasha, akaisikiliza kidogo, akaizima.

Asichokijua Mehluli ni kwamba mwaka huo mkewe alikuwa amejifunza kuendesha. Aliyemfundisha ni Nomagugu, dada yake Mehluli, mwalimu wa shule ya msingi mwenye ulimi kama pilipili. Jioni za Jumamosi walitoka na pikapu hadi barabara ya vumbi kule malishoni, Nomagugu akifoka, ng'ombe wakitimka. MaNdlovu alipopata leseni aliificha kwenye mkebe wa vifungo, akiisubiri siku ya kuitoa.

Siku hiyo ikaja kwa simu. Mehluli aliandika: "Narudi moja kwa moja. Kazi basi. Ijumaa asubuhi nitashuka Bulawayo." MaNdlovu aliusoma ujumbe huo amesimama, akausoma amekaa, kisha akainuka akaenda mbio kwa wifi yake bila kuvaa viatu.

"Nakwenda kumchukua mwenyewe," alisema. "Na pikapu."

Nomagugu alicheka hadi akashika ukuta. "Kaka yangu atazimia hapo stendi. Twende tuiwashe tuione."

Waliiwasha, na furaha ikaingia mdudu. Moshi wa bluu ulipanda kutoka chini ya boneti, ukinuka mafuta yaliyoungua. Walipoisogeza pikapu nyuma, waliona mahali ilipokuwa imesimama pana dimbwi jeusi linalong'aa. MaNdlovu alichomoa kijiti cha kupimia oili. Alama ya oili ilikuwa imeshuka hadi nchani.

Wakamwita fundi Jabulisa. Jabulisa alilala chini, akamulika tochi pale injini inapokutana na giaboksi, akatoka akijifuta mikono kwenye suruali.

"Oili inadondoka huku nyuma, Mama. Hii ni sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili. Hapo mpaka giaboksi ishuke."

"Basi ishushe leo."

"Leo haiwezekani, na kesho alfajiri nakwenda Tsholotsho kumzika mjomba. Jumatatu nitakuwa hapa."

"Jumatatu ya nini, fundi? Mtu anafika Ijumaa."

"Mama, mabasi yapo."

Jabulisa alikwenda zake. Nomagugu akasema taratibu, "Lakini wifi, si kweli mabasi yapo?"

"Mabasi nimepanda maisha yangu yote," alijibu MaNdlovu, macho yake yakiwa bado chini ya gari.

Alikuwa akiwaza paa la jiko lake. Masika yaliyopita lilivuja juu ya meko, wakaziba pale juu ya meko, likaendelea kuvuja palepale. Tundu lenyewe lilikuwa mbali, karibu na mlango. Maji yalikuwa yakitembea na boriti hadi yanapopata pa kudondokea. Sasa, kama maji yanajua kusafiri, oili je?

"Wifi," alisema, na sauti ilianza kumpanda, "nani kasema oili inapodondokea ndipo inapovujia? Hebu tuioshe hii injini kwanza. Chafu hivi, hata ng'ombe akiwa ndani hatutamwona."

Walisubiri ipoe. Wakachomoa waya wa betri, wakafunika kwa plastiki tundu la kuvutia hewa na mahali pa umeme, wakaisugua injini kwa mafuta ya taa na brashi, kisha wakaisuuza kwa maji ya sabuni. Uchafu wa miaka ulitoka vipande vipande. Ilipokauka, MaNdlovu alinyoosha mkono.

"Lete poda yako."

"Poda yangu ya nini? Injini inakwenda harusini?"

"Lete, wifi. Uso wako ukikosa poda siku moja hautaanguka."

"Wa kwangu hautaanguka. Ni wako ninaouhurumia, Ijumaa inakaribia."

Lakini aliileta. Waliinyunyiza injini, juu, nyuma na pembeni, hadi ikawa nyeupe kama mtu aliyelala kwenye unga. Wakarudisha waya na kutoa plastiki. Nomagugu akawasha, MaNdlovu akainama na tochi, mikono mbali na feni.

Mwanzoni hakuona kitu. Injini ilipopata moto, kwenye kona ya nyuma ya kile kifuniko cha juu, kinachofunika valvu, pakatokea doa dogo. Doa likanenepa, likawa mstari mweusi juu ya weupe, likateremka mgongoni mwa injini bila haraka hadi pale chini alipomulika Jabulisa.

"Zima," alisema MaNdlovu. "Zima uje uone. Inatoka juu, wifi. Inatoka juu, inakwenda chini kutudanganya."

Asubuhi ya Alhamisi alipata lifti ya lori la mbuzi hadi mji mdogo wa Maphisa. Duka la vipuri halikuwa na gasketi ya kuziba ukingo wa kifuniko cha gari la umri ule, ila muuzaji alikuwa na karatasi ya koki, ile ya vizibo vya chupa, ya kukatia gasketi. MaNdlovu alimkumbatia nusura amwangushe.

Nyumbani, walifungua kifuniko. Gasketi kuukuu ilikuwa ngumu kama ngozi iliyoanikwa. Ilikatika vipande wakavipanga mezani kama mifupa ya samaki. MaNdlovu aliweka kifuniko juu ya koki, akachora kwa chaki yake ya ushonaji, akashika mkasi. Hapo hakuwa mgeni tena. Hata hivyo ya kwanza ilimchanikia kwenye tundu la bolti, kwa sababu ya pupa. Koki iliyobaki ilitosha gasketi moja tu. Aliikata pole pole, ameuma ulimi.

Walikwangua mabaki kwa kijiti, wakichunga yasianguke ndani. Nomagugu ndiye aliyegundua kwamba mpira wa kupumulia wa injini ulikuwa umezibwa na uchafu mzito.

"Maskini, ilikuwa haipumui," alisema. "Ndiyo maana ilikuwa ikitema."

Wakausafisha. MaNdlovu alikaza bolti akianzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo.

"Kaza bwana, una mkono wa mgonjwa."

"Nikikaza kwa nguvu koki itapasuka. Wewe fundisha watoto hesabu."

Waliongeza oili, wakapaka poda upya, wakawasha. Wakaitazama hadi ikapata moto kamili, wakaizungusha malishoni na kurudi. Waliponyanyua boneti, poda ilikuwa nyeupe vilevile, kona zote. Nomagugu alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani amejifungua.

Alfajiri ya Ijumaa waliondoka, MaNdlovu amevaa gauni la kijani alilojishonea. Bulawayo walimkuta Mehluli stendi, amekalia mabunda ya mablanketi, amekonda kidogo, ndevu zimeota mvi. Aliitambua pikapu kabla ya watu waliomo. Akainuka, akatembea hadi dirisha la dereva, akamtazama mkewe, akamtazama dada yake, kisha akachungulia nyuma.

"Dereva yuko wapi?"

"Pakia mizigo, baba," alisema MaNdlovu. "Dereva ana haraka."

Mehluli alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akalazimika kujifuta macho kwa kofia. Akapakia mablanketi. Akiwa bado amechanganyikiwa alilala chini na suruali yake nzuri, akachungulia tumbo la gari la baba yake. Aliinuka mikono ikiwa mikavu. "Hili gari lilikuwa likinuka moshi Krismasi. Nani kalitengeneza?"

"Ingia, utaambiwa njiani," alisema Nomagugu, akiwa tayari amehamia nyuma kwenye mablanketi.

Walipoanza kupanda vilima vya Matobo, Mehluli alikuwa na maswali mengi kuliko mizigo. Lini alijifunza, nani alimruhusu, leseni iko wapi, ile koki aliikataje. MaNdlovu alikuwa akitabasamu, lakini mlima ulikuwa mkali na lori lilikuwa likija mbele.

"Nyamaza kidogo, mume wangu," alisema, akibadilisha gia.