Kuegemea Si Kutua

Mimi si mtu wa kulala. Hata leo wajukuu wakinikuta nimefumba macho kitini wananong'onezana, "Cucu amelala," nami nawajibu papo hapo, "Nani amelala?" Lakini iko miaka ambayo sikulala kabisa, na hiyo ndiyo nataka kuisimulia, kwa sababu siku hizi watu wanasema "mwachie Mungu" kama mtu anayemwachia jirani kuku amlishie. Si rahisi hivyo. Mimi ilinigharimu nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa shamba la kahawa, ng'ambo ya mto pale Ruiru. Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akiwasaka waliokula kiapo cha kupigania ardhi, asubuhi moja askari walituzingira wakawapanga wanaume mstari. Mtu aliyefunikwa gunia kichwani, macho tu yakichungulia, akapitishwa mbele yao. Alipofika kwa mume wangu akainamisha kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yote. Akipandishwa kwenye lori la kwenda kambi ya kizuizini aliniita kwa nguvu: "Usitoke hapa! Nikiachiliwa nitakutafuta hapa hapa!"

Neno hilo nikalishika. Kwetu nyumba zilikuwa zimechomwa na watu wamesongamanishwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Huko asingejua aanzie wapi. Yeye hakujua kusoma, mimi pia. Chumba kile kikawa mahali pekee duniani ambapo angeweza kunipata, na chumba kilikuwa cha anayefanya kazi. Basi nikafanya kazi. Nilichuma kahawa na mtoto mgongoni. Jumapili wenzangu wakienda ibadani, mimi nilikuwa nafagia uwanja wa nyapara ili anione na fagio mkononi. Nikilala nilisikia lori, nikiamka hakuna lori. Nikakonda mpaka shanga zikanivuka kiunoni.

Na upande wa pili wa ukuta wa mabati, jirani yangu anakoroma! Mume wake alipandishwa lori lile lile. Mama huyo alikuwa ameokoka, mmoja wa wale waliokataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki ya serikali, wakachukiwa huku na huku. Jumapili akitoka ibadani alikuwa anakula, anajinyoosha, anakoroma mchana kweupe. Nilimchukia, kwa nini nidanganye. Siku moja nikagonga mabati.

"Mama, wewe huna bwana?"

"Ninaye," akajibu kwa sauti ya usingizi. "Na Mungu anaye. Nikikesha nitamwongezea nini?"

Ngai! Nilitamani kummwagia maji.

Siku zikapita, tukaenda kuokota kuni pamoja. Kwetu mwanamke habebi kuni kichwani. Anazibeba mgongoni, zimeshikwa na ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso, na ukimtazama mama mzee utaliona shimo la ukanda hata akiwa hana mzigo. Ukichoka njiani unatafuta ukingo ulioinuka, unauegemeza mzigo hapo, unasimama hivyo hivyo na ukanda wako kichwani, maana ukitua utatwikwa na nani? Nilikuwa nimeegemea hivyo, natweta. Yeye akaangusha wake chini, puu, akaketi kwenye nyasi.

"Tua," akaniambia.

"Nimepumzika."

"Umeegemea. Shingo imekaza kama ya ng'ombe wa plau. Kuegemea si kutua, mama."

"Nikitua nani atanitwika?"

"Kwani mimi ni jiwe?" Akang'oa jani la nyasi, akalitafuna, kisha akasema: "Hivyo ndivyo unavyomtegemea Mungu. Mume wako umemwegemeza kwake, lakini ukanda hujautoa."

Nilikasirika nikaenda zangu na kuni zangu. Wiki nzima sikumsalimu. Nikimwona mtoni nageukia mitungi. Lakini ukweli hauna adabu, huingia bila kupiga hodi, na kila nilipoinama chini ya mkahawa nilisikia shingo yangu ilivyokaza. Nilikuwa nasali kila siku. Nilikuwa namwambia Mungu amlinde, halafu namlinda mimi mwenyewe na fagio la nyapara.

Mwaka huo kahawa ikaiva yote kwa mpigo. Jumapili alfajiri nyapara akagonga kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu, akapita akipiga milango: wote shambani, asiyetoka asahau chumba. Nilishafunga mtoto mgongoni. Nilishashika kikapu. Nikasimama mlangoni, miguu ikagoma. Nikasema kwa sauti, hata sikujali nani anasikia: "Mungu, huyu mtu alikuwa wako kabla hajawa wangu. Chumba kikae, kiende, mimi nimechoka. Nimetua." Nikaweka kikapu chini.

Nyapara alipofika alidhani mimi ni mgonjwa.

"Mimi ni mzima," nikamwambia. "Leo napumzika."

"Kahawa haijui Jumapili!"

"Lakini mimi naijua."

"Basi kesho nataka chumba changu!"

"Chukua hata leo."

Haiya, mdomo huo! Aliporukia mlango wa pili kumfokea jirani yangu, ambaye alikuwa anachana nywele kama mtu anayekwenda harusini, mimi nilijitupa kitandani nikalala. Nililala mpaka mtoto akanivuta sikio, jua limeshaanza kushuka. Sikuwa nimelala hivyo tangu lori liondoke.

Kesho yake sufuria zetu zilikuwa nje. Kibali cha kusafiri, ambacho watu walikihangaikia hadi machozi, sisi tulikipata upesi kwa sababu nyapara alitaka tumtoke machoni. Kaka ya jirani yangu alikuwa kibarua wa mkonge mashariki ya Thika, upande wa Gatuanyaga, tukaenda huko. Vumbi, miiba, maji ya mbali. Zilikuwepo siku nililia nikimkumbuka mume wangu akiniambia nisitoke. Lakini Jumapili nilitua kila kitu, na nyapara wa huko alipojaribu kunitisha nilimpa jibu lile lile. Watu wakanicheka hadi sokoni Thika.

Mume wangu alipoachiliwa akaja siku ya kazi, nikifunga matita ya mkonge. Nilidhani ni mzee fulani anauliza njia. Jirani yangu alimtambua kabla yangu, akapiga kigelegele, akakimbia kuwasha moto.

Alikuwa amefika Ruiru kwanza. Mlango ulifunguliwa na mgeni. Akauliza kwa jina langu, kwa jina la baba yangu, wapi! Hatimaye nyapara mwenyewe akamwambia, "Unamtafuta yule aliyenijibu kwamba yeye anaijua Jumapili? Aliingia njia ya Thika." Sokoni Thika hakutaja tena jina. Aliuliza tu mwanamke asiyefanya kazi Jumapili yuko wapi, na akina mama wakamwelekeza mpaka ukingoni mwa shamba.

Alipokwisha kunywa uji akanitazama kwa furaha. "Sasa nimeelewa," akasema. "Ulimheshimu Mungu, ndiyo sababu akanirudisha."

"Usimfanye Mungu mchuuzi," nikamwambia, na niliisikia sauti yangu ikipanda. "Mimi nilipumzika kabla sijajua kama u hai. Na jirani yangu amepumzika Jumapili nyingi kuliko mimi. Mume wake alizikwa huko huko kambini. Habari zilipokuja alilia mpaka sauti ikamkauka. Jumapili iliyofuata akaweka kisu cha mkonge chini, akapumzika."

Akaweka kikombe chini. Kisha akauliza mama huyo yuko wapi.

"Huo uji uliokunywa," nikamwambia, "amekupikia yeye."