Mate ya Mama Tajeu

Asubuhi ile Tajeu alisimama mlangoni, kikombe mkononi, akisikiliza watu ambao hakuna mwingine aliyewaona.

"Leo wanasemaje?" mama yake akamuuliza. Alikuwa amechuchumaa mafigani, anapuliza moto.

"Wanasema chai haina sukari."

"Waambie wamesema kweli. Wakiitaka, waende Ngaramtoni wakanunue."

Tajeu akacheka. Mtu mzima mwenye ndevu, akacheka mpaka chai ikamwagika. Mama yake akampa kidonge, akangoja ameze, akamwambia afungue mdomo, ainue ulimi. Akatazama. "Haya, baba. Kamkatie ndama nyasi."

Lerionka, baba yake, alikuwa amekalia kigoda chake, anakunywa chai ile ile. Akasema, "Chai nzuri."

"Mwongo wewe," mkewe akasema, akachukua jembe, akaenda kupalilia maharage.

Basi, hayo tu. Mchana mkewe alianguka shambani. Hospitali wakasema ni presha, imepasua mshipa kichwani. Hakuzungumza tena, na siku ya pili akaenda zake. Lerionka angejua, angetafuta neno kubwa kuliko chai. Lakini asubuhi ya mwisho haina alama. Inakuja kama zile nyingine.

Mkewe aliitwa Sinyati. Alizaliwa upande wa Oldonyo Sambu, kwenye vumbi, akaolewa Ilkiding'a, kwenye migomba. Mvua ya kwanza ilipomkuta huku alitoka nje akasimama tu, analowa, mama mkwe akadhani wameletewa bibi harusi mgonjwa. Baadaye alizoea. Alipeleka maziwa Elerai kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na mteja akimuuliza kama ameongeza maji alijibu, "Maji amekunywa ng'ombe. Mimi sijaongeza." Kanisani aliimba kwa sauti kubwa na nje ya wimbo. Mwalimu wa kwaya alimweka nyuma kabisa, na bado akasikika mbele.

Alikuwa hivyo. Ila kulikuwa na neno moja lililomnyamazisha.

Tajeu alipokuwa sekondari alianza kuziba matundu ya ukuta kwa udongo. Alisema watu wanachungulia. Kisha akakimbilia msituni mlimani, wakamkuta anatetemeka chini ya mti, hana shati. Waliomba kanisani. Wakachinja kondoo. Mwisho wakampeleka hospitali mjini, akapewa vidonge, akatulia kiasi cha kuweza kukata nyasi na kucheka. Sauti hazikuondoka. Zilipungua ukali tu.

Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza: imetoka kwa nani?

Aliyejibu ni Silantoi, dada yake Lerionka, mkubwa kwake, mjane aliyerudi kukaa boma la jirani. Sinyati alikuwa na mjomba aliyetembea barabara ya Longido akisemesha mawe. Kila mtu alilijua hilo. "Kwetu vichwa ni vizima," Silantoi alisema kila penye shughuli, mbele ya loshoro ya mahindi na mtindi, mbele ya wageni. "Hii imekuja na bibi harusi."

"Silantoi, kunywa chai," Lerionka alikuwa akimwambia. Silantoi alikunywa. Shughuli nyingine ikija, anaanza tena.

Sinyati hakujibu hata mara moja. Lerionka alijua kwa nini. Mkewe aliamini. Alipoamka na kukaa kitandani gizani, alikuwa anajiuliza kama ni yeye aliyempa mtoto ugonjwa, tumboni, pamoja na macho na meno. Jambo la namna hiyo mtu hawezi kumwuliza mchungaji. Hawezi kumwuliza mume pia, maana mume atasema hapana kwa huruma.

Kwa hiyo wale wa utafiti walipokuja, yeye ndiye aliyetaka.

Alikuwa binti mmoja na begi lake. Anaitwa Hope, Mchaga wa Machame, anakaa Njiro. Nesi wa kliniki ndiye aliyewaunganisha. Akasema shikamoo kwa kila mtu, hata kwa Tajeu, ambaye alifurahi sana. Akaeleza taratibu. Wanachunguza vinasaba, alisema, vile vitu vidogo mno ndani ya mwili ambavyo mtoto anapewa nusu na baba na nusu na mama. Wanataka kujua maradhi ya akili kama haya ya Tajeu yanaanzia wapi, ili siku moja dawa iwe bora. Anaomba mate. Ya mtoto, ya mama, ya baba. "Mkikataa hakuna ubaya. Dawa za Tajeu hazitaguswa."

"Mate tu?" Sinyati akauliza.

"Mate tu, mama. Ila msile wala msinywe kitu kwanza, nusu saa."

Hapo pakawa na shida. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Mgeni wa Mwarusha hanywi peke yake, na wenyeji hawakai na vikombe vimejaa kama watu waliogombana. Hope akasema basi na yeye hanywi. Wakakaa wote, wanatazama chai ikiota ngozi.

"Wanauliza tumekosa nini," Tajeu akasema.

"Waambie tunangoja," mama yake akasema.

Katika kungoja Hope akauliza habari za ukoo. Kwa upande wa mama, kuna yeyote aliyewahi kuugua hivi? Sinyati akasema yote. Mjomba, barabara, mawe. Alisema kwa sauti ndogo, macho kwenye mikono yake.

"Na upande wa baba?"

Lerionka akamtazama dada yake, aliyekuja kumwona mgeni. Wa zamani anawajua Silantoi. Silantoi akarekebisha shuka begani. "Hakuna."

"Hata wa zamani? Aliyejitenga, aliyefungiwa ndani?"

"Nimesema hakuna, binti. Kwetu vichwa ni vizima."

Sinyati akainua macho akamtazama wifi yake. Kisha akainama tena.

Halafu akauliza lile lililomfanya amtake mgeni huyu. Lerionka alimwona anakusanya nguvu, kama mtu anayetaka kuruka korongo. "Mwanangu. Mkishapima, mtaniambia kama ni mimi?"

Hope akamgeukia. "Hapana, mama."

"Mtaficha?"

"Hatufichi. Hakuna mashine ya kusema ni wewe. Ugonjwa huu hautoki kwenye kitu kimoja. Ni vitu vidogo vingi mno, mamia, na kila kimoja peke yake hakina nguvu. Mimi ninavyo. Mzee anavyo. Shangazi hapa anavyo."

"Mimi?" Silantoi akasema.

"Wewe, shangazi. Kila mtu ana vyake. Kwa mwingine vinakutana vingi, na maisha nayo yanamsukuma, anaugua. Kwa mwingine havikutani. Tunakusanya mate ya maelfu ya watu ndipo tuone kitu. Jibu la mtu mmoja mmoja hatuleti."

Lerionka aliwaza mvua za masika. Korongo likija limejaa, linabeba daraja, nani atasema ni tone lililoangukia shamba la nani? Alitaka kusema hivyo. Lakini alikuwa anamtazama mkewe, na mkewe alikuwa amekaza uso. Alikuwa amengoja jibu miaka mingi, sasa anaambiwa jibu hilo halipo.

"Basi haina faida kwake," Silantoi akasema. "Funga begi lako, binti."

"Lete hicho kichupa," Sinyati akasema.

Tajeu ndiye aliyetema wa kwanza. Aliuliza kama mate yake yatarudi, akaambiwa hayarudi, akasikiliza pembeni, akasema, "Wamekubali."

Ikawa zamu ya Sinyati. Akaweka kichupa chini. Kwa Waarusha mate ya mkubwa ni baraka. Hayatoki mdomoni bila neno, na hayatolewi kwa mtu ambaye hujambariki. "Lete mikono," akamwambia Hope. Akaishika, akainama, akatema kidogo kwenye viganja, pu, pu. "Engai akupe macho. Akupe watoto. Unachotafuta, ukipate."

Hope alikuwa amevaa glovu. Akasema asante sana mama, na kama alivyofundishwa kazini, akazivua, akazitia kwenye mfuko wa taka, akatoa nyingine mpya.

Sinyati akaufuata mfuko kwa macho.

"Mmeona?" Silantoi akasema, na sauti yake ilikuwa na raha. "Baraka imetupwa mfukoni. Wachaga hawa."

Hope akatazama mfuko, akatazama nyuso, akaelewa. Masikio yakamwiva. Hakujitetea. Akaweka glovu mpya chini, akanyoosha mikono mitupu. "Nisamehe, mama. Rudia."

Sinyati akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Akarudia, na safari hii alimtemea na kwenye paji la uso, kwa uhakika zaidi. Kisha akachukua kichupa, akakijaza mpaka kwenye mstari, akakifunga mwenyewe.

Akabaki Lerionka. Kichupa kilikuwa kidogo mno mkononi mwake. Mate yake yalishabariki ndama, watoto, na vijana wanaokwenda jando. Kuyafungia ndani ya plastiki, yapelekwe kwa watu asiowajua, ni jambo lingine. Akajaribu. Mdomo ulikuwa mkavu.

"Mzee wa kubariki zizi zima," Silantoi akasema, "leo amekauka kama Longido."

"Baba Tajeu," Sinyati akasema polepole. "Tema. Nisiende peke yangu."

Akatema. Ilichukua muda. Hope alivipanga vichupa vitatu pamoja kwenye begi, akanywa chai baridi, wote wakanywa, na Tajeu akamsindikiza mpaka barabarani.

Tangu siku ile, Sinyati alilala vizuri zaidi au hakulala vizuri zaidi, Lerionka hawezi kuapa. Alichokiona ni kwamba Silantoi aliacha lile neno. Kwenye ubarikio wa mtoto wa jirani alikaa mbele ya loshoro mpaka mwisho bila kulisema. Lerionka alidhani ni maneno ya Hope yaliyomwingia. Hakuuliza. Mtu akiacha kukupiga, humwulizi sababu.

Walipomzika Sinyati, pembeni mwa migomba, watu wakaondoka mmoja mmoja. Silantoi alibaki. Alimkuta Lerionka ameegemea zizi la ndama, akakaa kwenye jiwe.

"Kaka, kuna mtu alikuwa anaitwa Lesikar."

"Simjui."

"Huwezi kumjua. Alikufa hujazaliwa. Kaka yake baba. Walimfunga kwenye nguzo ya nyumba, ndani, kwa sababu ya kupiga kelele na watu wasiokuwepo. Mimi ndiye niliyempelekea chakula, nikiwa mdogo hivi. Alipokufa tukaambiwa jina lake lisitajwe tena, na sisi hatutaji waliokufa, kwa hiyo ikawa rahisi. Ikawa kama hakuzaliwa."

Lerionka akashika nguzo ya zizi.

"Mkeo alijua."

Akageuka kumtazama.

"Mama yetu alipolala kitandani miaka ile, nani alimwogesha? Si mkeo? Mama alimwambia yote kabla ya kufa. Mimi sikujua kama amemwambia, mpaka siku ya mate. Binti aliponiuliza, nikasema hakuna, mkeo akainua macho. Nikayaona macho yale. Nikajua anajua." Silantoi alijifuta uso kwa ncha ya shuka. "Binti yule akirudi nitamwambia. Nitalitaja jina. Lakini siku ile nilimfuata mkeo mpaka bombani, nikamwuliza: kwa nini hukuniumbua mbele ya mgeni? Miaka yote hii nakusema, na fimbo ya kunipigia unayo."

"Akasemaje?"

Silantoi akatazama kwenye migomba.

"Akasemaje, dada? Usiongeze. Usipunguze."

"Aliweka ndoo chini. Akasema hivi: 'Wifi, neno hilo nimelibeba mimi, najua linavyouma. Nikikubebesha na wewe, Tajeu atapona?'"