Ukumbi Ulipoulizwa Mume Afanye Nini

Mimi nilidhani kuna kitabu. Mtu akiniambia mchezo wa kuigiza, nilifikiri kuna bwana mahali fulani, labda Kinshasa, labda Ulaya, aliyeketi akaandika maneno yote, na waigizaji kazi yao ni kuyakariri. Wakati ule nilikuwa daktilo, mpiga chapa, katika ofisi moja ya serikali hapa Kisangani, na kundi la maigizo liliponikubali nilijua wanataka vidole vyangu. Nikafika siku ya kwanza na karatasi za kaboni kwenye mkoba, nimevaa pagne yangu, kitenge cha sherehe za chama, nikauliza mashine iko wapi. Mkuu wa kundi, ambaye sote tulimwita Papa Metteur, alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

“Hakuna buku hapa, citoyenne,” akasema, maana wakati ule sote tuliitana wananchi. “Buku ni nyinyi benyewe.”

Nikaona ananicheza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, tangu zamani, na kidogo nigeuke nirudi mtaani kwetu Mangobo na kaboni zangu. Lakini nilikaa, na nilichokiona kilinishangaza kuliko kama wangekuwa wameniibia.

Kazi ilikwenda hivi. Kila Jumatatu baada ya ofisi tulikutana katika darasa la shule, tukakaa kwenye madawati ya watoto, na kila mmoja alitakiwa kuleta jambo la nyumbani kwao. Jambo la kubuni Papa Metteur hakulitaka. Alikuwa na pua ya ajabu, ukianza kutunga alikukata palepale: “Bon, hiyo umetosha, umetoa kichwani. Leta ya kwenu.” Jambo lililowauma watu zaidi ndilo lilichukuliwa. Yeye alichora hatua tano ubaoni: mume anarudi, jirani anakuja, siri inatoka, na kadhalika. Basi. Maneno yalikuwa juu yetu. Ukipanda jukwaani unasema unachokikuta mdomoni, na mwenzako anakujibu hivyohivyo. Sheria ilikuwa moja tu: usinyamaze. Mwigizaji akinyamaza, watu wanaanza kukumbuka kwamba wameacha sombe, majani ya muhogo, motoni.

Mengine nayo yakanishtua moja baada ya moja. Kiwanda kimoja cha bia kilitusaidia, kwa hiyo katika kila onyesho lazima chupa zikae mezani, karatasi ya jina ikitazama watu. Tukicheza nyumba yenye njaa, watoto hawana hata mkate wa muhogo wa chikwangue, chupa mbili ziko mezani zinametameta. Mbele kabisa walikaa watu kumi walioingia bure kwa kazi ya kucheka. Mimi miaka yote nilikuwa nikicheka pamoja na ukumbi ule, na sasa naambiwa kicheko changu kilianzishwa na fundi wa baiskeli aliyeagizwa! Ngoma za kumsifu Guide, yaani rais, na chama kabla ya mchezo hazikunishangaza, maana hata ofisini tulicheza kila asubuhi kabla ya kugusa mashine.

Ila kilichojaza ukumbi kilikuwa mwisho. Mchezo wetu haukuwa na mwisho. Siri ikishatoka, mume alisogea mbele ya jukwaa akawauliza watu: “Nifanye nini?” Ukumbi mzima ukasimama, huyu anasema samehe, yule anasema piga, na waliozidi kelele ndio waliofuatwa. Jumapili iliyofuata wale walioshindwa walirudi na ndugu zao ili washinde. Ndiyo biashara yenyewe. Papa Metteur alikuwa mjanja, sitamnyima hilo.

Jumatatu tatu nilipita bila kitu. Waliniita Citoyenne wa Kaboni. Mimi nilitaka nafasi jukwaani, nilitaka vibaya sana, na Jumatatu ya nne nilifungua mdomo nikatoa habari ya yaya yangu.

Yaya ni dada yangu mkubwa, tumezaliwa tumbo moja, na nilikuwa nalala kwake Mangobo. Mume wake, shemeji yangu, alifanya kazi kwenye barrage ya Tshopo, bwawa la umeme, mtu mzuri, mcheshi, anayependa kusikilizwa. Walikuwa na watoto watatu. Lakini kabla ya shemeji, yaya aliolewa upande wa Bengamisa. Mimi wakati huo nilikuwa mdogo, niko Maniema kwa baba mkubwa, sikumwona bwana yule. Vita ilipokuja walikimbilia msituni, homa ikamuua mumewe, akamzika yeye mwenyewe na watu wawili asiowajua. Ndugu za mume walikuwa wametawanyika. Kwetu, mwanamke aliyefiwa lazima watu wa marehemu waje wamwogeshe mtoni, wamvue pili, ile nguo nyeusi ya msiba, waseme mbele ya mashahidi kwamba wamemwachilia. Bila hayo akiolewa tena, watu wanasema analeta kifo ndani ya nyumba: mume wa pili akianza kukohoa, kosa ni lake. Yaya hakuwa na wa kumvua. Aliivua mwenyewe, akaichoma, akashuka Kisangani, na shemeji alipomuuliza akajibu kwamba yote yalifanyika.

Hayo aliniambia mimi peke yangu, siku moja tukitwanga sombe, sauti ya kinu ikimfichia maneno.

Pale darasani nilimaliza kusimulia. Papa Metteur akachukua chaki. “Donc, wewe utacheza mujane,” akasema, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijidanganya kwamba tukibadilisha mji na idadi ya watoto hakuna atakayejua. Kuhusu mchezo sikumwambia yaya hata neno moja.

Jumapili ya kwanza tulicheza saa tisa mchana katika sinema ya zamani. Asubuhi yake shemeji aliingia nyumbani na tikiti mbili mkononi, anacheka. Wenzake wa barrage walimwambia shemeji yake, yaani mimi, yuko kwenye tangazo. “Tutaenda kukuona,” akasema. “Unatuficha kwa nini?” Nilimwambia joto ni kali ndani, viti vimevunjika, mchezo wenyewe hauna maana. Akazidi kucheka. Yaya alikuwa tayari anapaka mafuta, amefurahi kwa ajili yangu.

Walikaa safu ya nne. Nilicheza nikimtazama yaya. Hatua ya kwanza alitabasamu. Ya pili aliweka mkono shingoni. Nilipofika kwenye habari ya kuchoma nguo nyeusi, sura yake ilikuwa haina kitu kabisa. Nilitaka kubadilisha hadithi lakini mwenzangu, fundi cherehani aliyecheza mume wangu, alikuwa amekwisha shika moto. Akasogea mbele akauliza: “Batu ya Kisangani, nifanye nini na huyu mwanamuke?”

Wa kwanza kusimama alikuwa shemeji. Kabla hata ya wale wachekaji wa bure. Alinyanyua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

“Amurudishe kwao! Leo, mbele ya jua kulala!”

Watu wakampigia makofi. Wengine wakamfuata, na sauti ikawa moja. Sheria ni sheria. Nikafunga kifurushi changu, nikashuka jukwaani nikilia machozi ya kweli, na nyuma ya pazia Papa Metteur alinikumbatia. “Ile kilio! Jumapili ingine ufanye vilevile. Televizyo inakuja kutukamata.” Alimaanisha watu wa televisheni ya mkoa, na kamera zao. Nilimwomba tuchukue habari nyingine. Alinishangaa. “Citoyenne, ukiisha kusema, iko ya ukumbi.” Nilisema mwenyewe, hakuna aliyenishika koo.

Nyumbani shemeji alikula vizuri, akarudia jibu lake mara tatu kwa majirani waliopita. Yaya alimwekea wali. Nilimkuta uani, nikapiga magoti.

“Simama,” akasema. “Watoto beko naangalia.”

“Yaya, nisamehe.”

“Nilikuwa nafikiri nitamuambia. Mwaka huu, baada ya mutoto kupata komunyo kanisani. Nilikuwa naogopa tu, sikuwa najua atasema nini.” Akakung'uta sufuria. “Sasa najua. Umenisaidia.” Kisha akasema ile methali yetu, kikulacho ki nguoni mwako, bila kupandisha sauti, na akanipita. Wiki nzima alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mpangaji.

Jumapili ya pili shemeji alikuwa zamu kwenye barrage, na mimi nilishukuru. Watu wa televisheni walifika mapema na taa zao. Walijenga sebule kwa mbao nyembamba na karatasi, ukuta mmoja na nusu, na wakasogeza chupa za bia karibu zaidi na kamera. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Tulipofika hatua ya tano nilishusha pumzi, kwa sababu nilijua hukumu ni ileile, nitachukua kifurushi, yatakwisha. Fundi cherehani akauliza: “Nifanye nini?”

Yaya alisimama nyuma kabisa. Sikujua yumo.

“Amuulize kwanza jina la yule aliyekufa,” akasema.

Watu waligeuka. Fundi cherehani, ambaye kazi yake ni kutonyamaza, akanigeukia: “Ndiyo. Alikuwa anaitwa nani?”

Ningeweza kusema jina lolote. Yako majina elfu, na kazi yangu ilikuwa kubuni. Lakini nilimwona yaya ananitazama, na nikagundua kwamba mimi niliyeuza kifo cha mtu kwa watu mia tatu sijawahi kuuliza anaitwa nani. Sikuuliza hata ile siku ya sombe. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Papa Metteur nyuma ya pazia alikuwa ananipungia mikono niseme.

Yaya ndiye aliyelisema. Alilitaja jina lote, na la baba yake, na mahali alipomzika. Kisha akamwambia marehemu: “Nimekulilia vya kutosha. Niache niende.” Alisema akitazama mbele, bila kilio. Ukumbi ulidhani ni mmoja wetu. Walimpigia makofi makubwa kuliko ya mtu yeyote siku ile, na kamera moja ilizunguka ikamtazama. Yeye alifunga kilemba akatoka.

Papa Metteur alikuja mbio. “Yule mama ni nani? Tumupate, tumupe role ya kucheza.” Nilimwambia simjui.

Ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Mchezo ungeonyeshwa Alhamisi jioni, na Mangobo nzima ingejaa sebuleni kwa jirani yetu mfanyabiashara, mwenye televisheni. Shemeji alikuwa wa kwanza kuweka kiti. Siku nne nilimwomba yaya tubuni ugonjwa, tumzuie. Alikataa. “Acha aone,” alisema. Alhamisi alipika mapema, akawavisha watoto, akakunja nguo zake chache akaziweka kwenye sanduku. Tukaenda.

Kwenye kioo, ule ukuta wa karatasi ulikuwa nyumba ya tajiri. Chupa ziling'aa. Nilijiona nalia, nikajichukia. Fundi cherehani akauliza nifanye nini, na mimi nikashika mkono wa yaya.

Kwenye kioo hakuwepo. Swali likaulizwa, watu wakaonekana wanapiga kelele, wale wachekaji wa mbele wakaonekana kwa karibu, na hapohapo mimi ninachukua kifurushi natoka. Wamemkata. Wamekata swali lake, jina la marehemu, kimya changu, vyote, na wameunganisha huku na huku hata mshono hauonekani. Nilikuwa nimejifunza mengi miezi ile, lakini hilo hakuna aliyekuwa ameniambia: kwamba jambo ambalo watu mia tatu wameliona kwa macho linaweza kutolewa, na kwenye kioo hakuna pengo.

Nafuu iliyonijia ilikuwa kubwa mpaka nikacheka. Tumepona, nilijiambia. Shemeji naye anacheka, anawaonyesha watu: “Si nilisema? Amurudishe kwao!” Kisha akamgeukia mkewe. “Na wewe, si ulienda Jumapili ile? Mbona sikukuona?”

Nilimbana yaya mkono kwa nguvu. Akautoa.

“Nilikuwa,” akasema. “Walinitosha, walinikata. Nilisimama nikaita jina la bwana yangu wa kwanza, juu ya sababu batu yake hawakunivua pili. Niliivua miye mwenyewe. Ile habari yote ni yangu.”

Jirani alizima televisheni. Shemeji, mtu aliyepata jibu mbele ya ukumbi mzima kabla ya wote, alikaa na kofia yake magotini. Watoto walitazama huku na huku. Aliangalia kioo kilichozimika, akamwangalia yaya, akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia chini.

“Kule Bengamisa,” akasema mwishowe, “batu yake, kuko wenye walibakia, bakuogeshe mutoni?”

Yaya akajibu kwamba kulikuwa na shangazi mmoja wa marehemu, kama bado yuko hai.