Maziwa ya Nadhira

Siku hizo Nadhira binti Mansoor aliogopa kipimajoto kuliko alivyowahi kuogopa nyoka. Kila alipokitoa kwapani alifumba macho kwanza, akavuta pumzi, ndipo akasoma. Joto lilikuwa la kawaida. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wahudumu wa afya wa kata nzima kwamba joto la leo si dhamana ya kesho.

Alikuwa katika nyumba tupu ya mtumishi, nyuma ya zahanati moja ya Nyakakika. Ua ulikuwa umezungushiwa kamba. Ng'ambo ya kamba, katika chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua, alikaa Bibi Kantengwa, mama wa mgonjwa waliyemgusa wote wawili. Wote wawili walitengwa na watu, na wote walingoja jambo moja: kuugua, au kutougua.

Nadhira alizaliwa Kayanga, na ukitaka ukweli wenyewe, alizaliwa dukani, maana mama yake Adija alishikwa na uchungu akimpimia mteja kitenge. Babu yake alipanda kutoka Pangani na mizigo ya nguo, akaonja ndizi za Karagwe, hakushuka tena. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, Kinyambo lugha ya kaunta. Binti akasoma, akawa afisa afya, kisha akachaguliwa kwenda mafunzo ya epidemiolojia, elimu ya kufuatilia ugonjwa umetoka wapi na unakwenda wapi.

"Kwa hiyo wewe si daktari?" baba yake aliuliza.

"Daktari anamtibu mgonjwa, baba. Mimi nauliza kwa nini wagonjwa wamekuwa wengi."

"Basi wewe ni polisi."

"Polisi wa vijidudu."

"Asiye na pingu wala kirungu," Mansoor akacheka, na wiki nzima akawatangazia wateja kwamba nyumba yake imepata polisi.

Mwalimu wa mafunzo yale aliwapa maswali matatu ya kushika kama sala: nani, wapi, lini. Zoezi la kwanza la Nadhira lilikuwa Kamuli, kule Kyerwa, ambako sherehe ya ubatizo iliwaacha watu wakiharisha kijiji kizima. Wote walilaumu rubisi, pombe ya ndizi. Nadhira akapita mlango kwa mlango, akipishana na migomba na kahawa iliyoanikwa, akimuuliza kila mmoja alikula nini na alikunywa nini. Ikaonekana wanywaji wa rubisi walikuwa wazima. Walioanguka ni walaji wa nyama iliyolala sufuriani bila kupashwa moto. Walevi wa Kamuli wakamsindikiza barabarani kwa shangwe. "Tulisema rubisi ni dawa, mkatubishia!" Siku ile Nadhira alirudi akiamini kwamba hofu ni ya mtu asiyejua kuuliza.

Hakuwa na mtoto bado.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilinyesha zikasahau kukatika. Mabonde yakajaa maji, mbu wakawa kama moshi. Sasa Nadhira alikuwa na binti, Samiha, ambaye hakuwa ameanza hata kukaa vizuri. Ndipo Elpidius, mkubwa wake wa kazi wilayani, mtu wa utani mpaka msibani, akampigia simu bila utani wowote. Katika maboma ya wafugaji wa Nyakakika kuna mtu anaitwa Muhangi. Ana homa kali. Fizi zinatoka damu.

Mkoa ule ulishaona ugonjwa wa kutoka damu. Watu waliujua kwa jina na hawakulitaja, kama jina la mtu aliyelaaniwa. Ugonjwa ule hupita kutoka mtu hadi mtu. Huanza na anayemwosha mgonjwa, humfuata anayeosha maiti.

Nadhira na Elpidius walifika bomani mchana. Lango la miiba lilimkwaruza Nadhira kifundo cha mkono, akakipuuza. Glavu zilikuwa bado mfukoni, kwa sababu alitaka kuwaamkia wenyeji kwanza, na hakutaka kutoa salamu akiwa amevaa kama mtu wa kuzika. Lakini kule mwanamume hapokei mgeni akiwa amelala. Muhangi alimwona mlangoni, akajikongoja, akasimama, akafungua mdomo kumkaribisha. Magoti yakamwacha. Nadhira akamdaka.

Alimdaka kwa mikono mitupu. Damu ya pua ikamtiririkia kifundoni, juu ya mkwaruzo.

Elpidius aliinua kiganja. "Dada," alisema polepole, "mkono. Usiuguse uso. Njoo huku."

Akamwosha mkono kwa maji ya klorini mpaka ngozi ikawaka. Wakamlaza mgonjwa, wakavaa walichopaswa kuvaa mapema, wakaanza kuuliza. Nani amemhudumia? Mama. Amesafiri? Hapana. Na ng'ombe, wako salama?

"Ng'ombe wazima," alisema Muhangi.

"Hakuna aliyeugua? Hakuna aliyekufa?"

"Ng'ombe wazima," alisema Bibi Kantengwa, akitazama mlima.

Wakauliza kwa njia nyingine, wakajibiwa yaleyale. Balaa la zizi halisemwi mbele ya mgeni. Ukilisema, umewaitia balaa hilo ng'ombe waliobaki. Tena kila mfugaji alijua kwamba maofisa wakisikia ng'ombe wanaumwa, mnada hufungwa. Basi ng'ombe wakawa wazima, na Nadhira akabaki na jibu moja tu kichwani, lile lisilotajwa.

Muhangi akachukuliwa kwenda kutengwa hospitali. Damu yake ikapelekwa maabara, lakini mvua ilikuwa imekata barabara na majibu yakachelewa. Nadhira, aliyekwenda kuwaandika watu waliotangamana na mgonjwa, akaandikwa yeye wa pili, baada ya Kantengwa.

Hakurudi nyumbani. Simu ndiyo iliyorudi.

"Anakataa chupa," Adija alisema. "Anageuza uso kama mtu mzima aliyetukanwa."

"Mjaribu kwa kijiko, mama."

"Nimejaribu. Msikie mwenyewe."

Akamsikia. Kilio kikapita katika simu kikamfika kifuani, na gauni likalowa maziwa. Alikata simu akakaa sakafuni. Alijua ugonjwa ule unaanzaje: kichwa, mgongo, homa. Alijua unaishaje. Elimu yake, iliyomfanya jasiri Kamuli, sasa ndiyo iliyomtisha. Asiyejua huogopa giza, yeye aliogopa vitu vyenye majina.

Kila asubuhi na kila jioni alikamua maziwa yake kikombeni, akatoka nyuma ya nyumba, akayamwaga katika kishimo alichokichimba, akanyunyiza klorini, akafukia. Alifanya haraka, kama mwizi.

Asubuhi moja sauti ikamkuta ameinama.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

Bibi Kantengwa alikuwa amesimama ng'ambo ya kamba, fimbo mkononi.

"Shikamoo, bibi. Namwaga maziwa."

"Marahaba yangu siyo ya mtu anayemwaga maziwa. Umeyatoa wapi?"

"Ni yangu, bibi. Nina mtoto anayenyonya. Siwezi kumpelekea. Huenda nina ugonjwa wa Muhangi."

Kikongwe akaketi kwenye gogo, akaweka fimbo mapajani.

"Mtoto wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Kwetu maziwa hayamwagwi," alisema Kantengwa, kwa Kiswahili chake cha kupanga neno baada ya neno. "Hata tone likianguka tunaona haya. Anayemwaga ni mmoja tu, mwanamke ambaye ng'ombe wake ametupa mimba. Maziwa yale hayaingii kwenye chombo. Unayapeleka nyuma ya boma, peke yako, asubuhi, unayamwaga, hutazami nyuma." Akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Nimekuona umeinama. Nikajiona mimi."

Nadhira alitaka kuruka kamba. Badala yake akakaa chini, taratibu, kikombe mkononi.

"Umeyamwaga mwaka huu, bibi?"

Kantengwa akaziba mdomo. "Mimi sijasema habari ya ng'ombe."

"Hujasema. Tunaongea maziwa tu, mimi na wewe, wanawake wawili."

Upepo ukapita kwenye nyasi. Mbali, mtu alikuwa akipigia ng'ombe mluzi.

"Maziwa naweza kusema," Kantengwa alisema hatimaye. "Nimemwaga. Tangu mvua zilipozidi, namwaga. Jirani yangu anamwaga. Tukikutana nyuma ya maboma kila mmoja anatazama kwake."

"Na wale ndama waliotupwa, bibi? Nani aliwavuta?"

"Watatoka wenyewe? Ni Muhangi. Mikono mitupu, mpaka hapa." Akajigusa bega. Kisha akaanza kulia bila sauti, kama mtu aliyefungua zizi usiku na kusikia kwato zikitoka.

Nadhira alimpigia Elpidius palepale. Mvua nyingi, mbu, ng'ombe wanaotupa mimba, mfugaji anayevuja damu: hiyo ni sura ya homa ya Bonde la Ufa, inayotoka kwa mnyama kuja kwa mtu, na haijapata kuonekana ikiruka kutoka mtu hadi mtu. Alimweleza yote. Kisha akaongeza jambo ambalo lilimuuma kulisema.

"Usiniamini."

"Unasemaje?"

"Nina mtoto, Elpidius. Natamani iwe hivyo, na jibu unalolitamani ndilo la kulihoji mara mbili. Nenda maboma mengine. Usiwaulize wanaume habari za ng'ombe. Waulize wanawake kama wamemwaga maziwa."

Kutwa nzima simu ikawa sikioni. Elpidius alikwenda boma kwa boma mpaka upande wa Kihanga, na jioni utani wake ukarudi kidogo. "Dada, leo nimekuwa mtu wa maziwa. Bibi mmoja kaniuliza kama nimeacha kazi ya serikali nifungue kiwanda cha samli." Lakini wanawake walikuwa wamesema. Palipomwagwa maziwa palikuwa na watu wenye homa, karibu wote wakamuaji na wachinjaji. Walioketi tu na wagonjwa walikuwa wazima.

Nadhira alipaswa kupumua. Hakuweza. Tumaini lilimtisha kuliko kukata tamaa, maana sasa alikuwa na kitu cha kupoteza.

Na asubuhi iliyofuata aliamka akitetemeka. Kichwa kilimgonga. Akatoa kipimajoto kwapani, akafumba macho, akasoma, akasoma tena. Homa.

Alikaa kitandani akakitazama kile kijiti kama barua ya kifo. Aliposogeza mkono ndipo alipohisi titi la kushoto limekuwa gumu kama jiwe, jekundu, linawaka. Jana jioni hakulikamua, siku yote alishinda kwenye simu. Basi huenda ni titi. Huenda ni damu ya Muhangi. Kipimajoto hakijui kutofautisha. Alipiga simu kazini akaeleza vyote viwili, bila kuficha kimoja, na waliokuja kumtoa damu walikuja wamejifunika mpaka hakujua ni akina nani. Mmoja wao alikwepa macho yake. Akaelewa jinsi Muhangi alivyomwona yeye na Elpidius.

Hakumpigia mama yake simu siku ile. Alijikamua huku akiuma kanga, akamwaga, akafukia. Ng'ambo ya kamba, Kantengwa aligeuza mgongo ili amwachie faragha, na hakuondoka.

Majibu yalikuja pamoja, barabara ilipofunguka. Muhangi: homa ya Bonde la Ufa. Ule ugonjwa usiotajwa: haumo. Nadhira: hakuna kitu. Homa ya titi ilikuwa imeshaanza kushuka kwa dawa. Elpidius alimsomea kwenye simu mara mbili, akaombwa asome mara ya tatu.

Mnada ukafungwa, kama ilivyoogopwa. Muhangi alirudi nyumbani hai, jicho moja likiwa na ukungu ambao hakuna aliyejua kama utaondoka. Majirani wakaanza kumwamkia Kantengwa kwa mbali. Siku kamba ilipokunjwa, Nadhira alimwendea akapiga goti.

"Bibi, nimekuletea uadui."

"Umeniletea," Kantengwa alikubali. "Lakini nina mwana. Ng'ombe wangapi wangemlipia? Inuka. Nenda kanyonyeshe, kabla maziwa hayajakukimbia."

Kayanga, Adija alimngoja mlangoni mwa duka, mtoto begani. Nadhira alisimama kizingitini, mikono nyuma.

"Mpokee basi."

"Nanawa kwanza."

Akanawa. Akarudi, akaitazama mikono yake, akaenda kunawa tena.

"Utanawa mpaka ngozi iishe?" Adija aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kufoka.

Samiha alimtazama mama yake kama mteja mgeni. Akageuza uso. Akaugeuza tena. Kisha harufu ikamwambia kile ambacho macho hayakukumbuka, akachimba gaunini kwa pua, akashika. Maziwa yalikuwa machache, na yalichelewa, na Nadhira alishikilia pumzi mpaka aliposikia mtoto akimeza.

Tone moja lilidondoka kwenye saruji. Nadhira akalifuta upesi kwa kidole, akaona haya, akatazama pembeni.