Jiwe la Patxika Katikati ya Soko

Patxika Lizundia alikuwa na ulimi mkali na maksai wawili aliowapenda kuliko wakwe zake. Hapa mjini kwetu Arranbide, mwanamke kuswaga maksai wa mashindano ya kuvuta mawe lilikuwa jambo la kuchekwa. Wakamcheka weee, hadi alipoanza kuwashinda.

Raha nyingine hakuwa nayo. Wakati wa vita, ndege ziliposhusha mabomu siku ya gulio, mdogo wake alikuwa sokoni anauza maharage. Hakikuokotwa hata kiatu. Kisha wakubwa, waliozituma ndege hizo, wakatangaza kwamba mji tuliuchoma wenyewe. Wenyewe! Na anayebisha, jela. Kwa karibu miaka arobaini watu walizikwa na majina ya ndugu zao kooni, na kila msalaba uliosimamishwa pale sokoni, polisi waliung'oa. Patxika alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: ukumbusho pale pale, usiong'oleka.

Akaenda kumwomba meya kibali.

"Ukumbusho wa nini, mama?" meya Evaristo akamuuliza. "Wa moto mliouwasha wenyewe?"

"Haya, baba. Tusigombane."

Waliomjua walishangaa. Patxika na kunyamaza, wapi na wapi?

Sasa, meya alikuwa na ugonjwa wetu sote, ugonjwa wa dau. Mtu wa kwetu ukimwambia kuku wako anamshinda wake kwa kula, ataweka shamba rehani. Na maksai wa meya ndio waliokuwa mabingwa wa bonde zima. Basi siku ya sikukuu, mbele ya halaiki, Patxika akasimama.

"Bwana Meya, nasikia maksai wako wamenenepa mpaka wamesahau kazi."

Watu wakacheka. Bibi Garbiñe, mke wa meya, aliyekaa kando ya mumewe, hakucheka.

"Sema dau lako," meya akajibu.

"Wangu watavuta jiwe toka machimboni mpaka katikati ya soko. Wako walitoe. Wakilitoa, chukua maksai wangu na nira yao. Wakishindwa, jiwe linabaki lilipo, na mtu asiliguse."

Meya akampa mkono, wala hakuuliza ni jiwe gani. Lilipoingia sokoni, refu, limechongwa vizuri upande mmoja, ndipo akaelewa kwamba ndio ule ukumbusho. Akawa mwekundu. Lakini mkono alikwisha kuutoa, na kwetu mwanamume anayekana dau hapati hata wa kunywa naye maji.

Maksai wa Patxika walilifikisha katikati huku wanatoa povu. Wakafuata wa meya, wakiswagwa na Balendin, mfanyakazi wake, mtu asiye na maneno mengi. Patxika alijua wale maksai wanaliweza.

Balendin akafunga mnyororo, akainua mchokoo, fimbo yake ndefu ya kuswagia. Maksai wakainamisha shingo, jiwe likasogea shubiri moja. Patxika akafumba macho. Hakutaka kuona.

Alipofumbua, Balendin alikuwa amelaza mchokoo juu ya jiwe. Mswagaji akilaza mchokoo, amekubali kushindwa.

"Okota, mpumbavu wewe!" meya akafoka. "Wanaliweza!"

"Wanaliweza, bwana. Mimi ndiye siwezi. Mama yangu alifia hapa."

Meya akaunyakua mchokoo mwenyewe. Akapiga kelele, akachoma, akasukuma. Maksai, waliozoea sauti ya Balendin tu, wakageuza vichwa kumtafuta. Mmoja akainua mkia akajisaidia, taratibu, bila haraka yoyote. Soko zima likaangua kicheko, watu wakashikana mbavu.

Polisi wakamtazama meya. Meya akawatazama watu.

"Dau ni dau," akasema kwa shida.

Ndipo Bibi Garbiñe akainuka. Tulidhani anakwenda nyumbani kuficha aibu ya mumewe. Akalifuata jiwe, akaweka kiganja juu yake.

"Baba," akasema. "Xanti, baba yangu."

Nyuma yake foleni ikajipanga yenyewe. Kila mtu akashika jiwe na kutaja wake, na polisi wanasikia. Ilipofika zamu ya Patxika, kilio kilimkaba hata jina halikusikika.

"Hatujasikia, Patxika," wakamwambia. "Rudia."

Akajifuta uso kwa kilemba, akavuta pumzi, akalirudia jina la mdogo wake kwa sauti iliyofika mpaka ndani ya kituo cha polisi.