Nilimpangia mama mkubwa stopover ya Istanbul, kumbe yeye alikuwa na mtu Maskati

Wakuu, salaam kwa wote wa jukwaa hili la safari.

Wengi humu mnanijua kwa nyuzi zangu za stopover, yaani kupumzika mji wa njiani kabla ya kupanda ndege nyingine. Mimi ndiye yule wa "usikae airport kama mzigo, toka nje ukaone mji wa watu". Leo sina ushauri. Nina jambo ambalo nimeshindwa kuwaambia wanaonijua sura, kwa hiyo nalileta kwenu msionijua. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mpumbavu.

Naanza.

Naishi Same mjini, kwetu ni juu kwenye milima ya Upare, Mbaga. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaanza shule, nikalelewa na dada yake. Huyo ndiye mama mkubwa, na kwangu mimi ni mama tu.

Yeye na baba mkubwa wana mabinti wawili. Mkubwa ni Joyce, nurse, yuko Uingereza na ameolewa hukohuko. Mdogo ni Nakijwa, ndiye anayenifuata mimi. Tumekula sahani moja na kuchapwa fimbo moja.

Nakijwa yuko Maskati, Oman. Anafanya kazi za ndani.

Aliondoka vibaya. Alikuwa amepata chuo cha ualimu, baba mkubwa kawatangazia watu wote kanisani. Siku ya kuripoti chuo binti akapanda basi la Dar, na baadaye tukasikia yuko Uarabuni. Baba mkubwa ni mzee wa kanisa, na jambo lile lilimvunja sana. Akasema habari za huyo mtoto zisizungumzwe pale nyumbani mbele yake.

Tukatii, ni miaka sasa. Mimi nilitii mpaka nikapitiliza. Nilifika mahali simkumbuki kabisa mpaka nione jina lake kwenye group la familia, ambako huwa hasemi kitu.

Sasa mwaka huu Joyce akajifungua, akataka mama yake aende akae naye miezi kadhaa. Akanipigia: "Kaka, wewe ndiye mtaalamu wa ndege, nipangie safari ya mama. Mwili wake hauwezi kwenda moja kwa moja, mtafutie pa kupumzika njiani siku mbili."

Wakuu, kifua kilijaa. Mtaalamu!

Hapa nitoe siri. Nimetoka nje ya nchi mara mbili tu maisha yangu yote, kwa semina za kazini, na mara ya pili ndiyo nilipita Istanbul. Zile nyuzi zangu ndefu mlizokuwa mnazisifia, nyingi nilizitoa kwenye video za mtandaoni. Najua kuna mtu alizifuata akafurahi, lakini mimi sikuwa na haki ya kuongea kwa sauti ile.

(Wale wa "Mpare gani huyo anatumia hela kulala hotelini njiani" nawasikia. Hela ilikuwa ya Joyce. Tuendelee.)

Jumapili moja nikapanda Mbaga na laptop. Baada ya ibada tukakaa mezani, mama mkubwa kapika makande, baba mkubwa yuko kwenye kiti chake. Nikaanza kumwaga somo. Ukipita Addis unafika haraka lakini unachoka. Doha airport nzuri lakini nje joto. Istanbul sasa, hapo ndipo penyewe! Nikawaonyesha picha za misikiti, madaraja, boti, mikate ya kila aina.

Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, huku anafuta meza ambayo ilikuwa safi:

"Na ile ndege inayopita Maskati haipo?"

Nilicheka, wakuu. Nilicheka kwa sauti.

"Mama mkubwa, Maskati ukafanye nini? Kule si wanaenda madada wa kazi tu!"

Baba mkubwa akainuka, akachukua fimbo yake, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Nikajua nimemuudhi kwa kuutaja huo mji, nikajilaumu kidogo, basi.

Mama mkubwa akasogeza kiti karibu yangu. Akaanza, "Mwanangu, nilikuwa nasema hivi..."

Nikamkata. Nilidhani ana hofu ya ugeni. Nikamwambia, "Usiogope mama mkubwa, Istanbul utaipenda, utakuja kunishukuru." Nikarudi kwenye picha.

Akaniangalia, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Akakusanya sahani akaenda jikoni.

Najua kuna atakayenirukia PM kuuliza kwa nini mama hakusema tu. Mkuu, humjui mama wa Kipare wa umri ule. Ameshauliza mara moja, akachekwa. Akataka kusema mara ya pili, akakatwa. Tena na mtoto aliyemlea kwa mikono yake. Hawezi kuja mara ya tatu.

Basi tiketi ikakatwa. Kutoka uwanja wa KIA, Istanbul siku mbili, halafu London. Viza nikahangaikia mwenyewe, hoteli nikachagua ya katikati ya mji ili atembee kwa miguu, nikamwandikia kwa Kiswahili karatasi ya mahali pa kwenda asubuhi na jioni.

Siku ya safari nilimsindikiza KIA. Begi lake la mkononi lilikuwa zito, na alipolifungua kwenye ukaguzi niliona gauni jipya la kitenge, jembamba. Mama mkubwa ni mnene, na Joyce ni mnene kuliko yeye. Nililiona nikapita, sikujiuliza hata kidogo.

Alivyofika Istanbul nikawa nampigia kila mara. "Umetoka? Umeenda kwenye boti?" Ananijibu, "Nitakwenda mwanangu, nimepumzika kwanza."

Hakwenda popote. Siku zote mbili alikaa hotelini. Kijana mmoja wa mapokezi alimpiga picha moja na kumsaidia kunitumia: mama mkubwa kakaa kwenye kochi la mlangoni, sweta juu ya kitenge, begi limelala mapajani, kalikumbatia kwa mikono yote miwili.

Mimi nikaichukua hiyo picha nikaitupia kwenye group la familia na maneno haya: "Mama mkubwa anakula bata Istanbul! Nani kama mama!" Nikaweka na vikatuni vya kucheka. Watu wakamiminika kupongeza, wengine wakanipongeza mimi. Nikaweka na status.

Nakijwa aliiona, maana niliangalia baadaye walioifungua. Hakuandika kitu.

Naomba mnivumilie, sehemu inayofuata ndiyo ngumu kwangu kuandika.

Mama mkubwa akafika London salama. Wiki chache baadaye baba mkubwa akashuka Same kupima macho hospitali, na kabla ya kupanda gari la kurudi juu akapita kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikampa chai. Mzee huwa haongei sana. Akakaa pale, kisha akasema nimwonyeshe mama yake Joyce kwenye simu.

Nikamfungulia ile picha ya kochi. Aliisogeza karibu na macho, akaitazama sana.

"Hapa ndipo anapokaa Nakijwa?"

Wakuu, nilikuwa sijasikia hilo jina likitoka kinywani kwake tangu binti aondoke.

"Hapana baba mkubwa. Hapo ni Uturuki."

"Uturuki kuna nani?"

Nikasema hakuna mtu, ni mahali pa kupumzika tu na kuona mji.

Akaweka simu mezani. "Mimi nilijua amepita kwa mtoto."

Nikamwambia mimi sikujua kama kulikuwa na mpango huo. Akasema, "Nilikuwa nawasikia wakiongea kwenye simu kule jikoni. Walidhani sisikii. Huyo bosi wa Nakijwa alishakubali kumshughulikia viza mama yako na kumpa mtoto siku ya kukaa naye. Ilikuwa bado ndege tu."

Halafu akasema hivi, na hakupandisha sauti:

"Siku ile ulipokuja na kompyuta yako, nilitoka nje makusudi. Nilitoka ili mama yako apate nafasi ya kusema. Ng'ombe alikuwa hana shida yoyote."

Mimi niliyekuwa nimejilaumu kwa kumuudhi mzee! Mzee alinipa mlango wazi. Hakuweza kulifuta neno lake mbele za watu, basi akatoka yeye mwenyewe ili neno litoke pamoja naye. Mke wake akaelewa, akasogeza kiti. Mimi nikajaza ile nafasi yote kwa picha za boti.

Nilimsindikiza stendi bila kumtazama usoni. Niliona haya mpaka nikawa nashindwa kujibu salamu za watu njiani. Na kile kicheko changu cha "madada wa kazi" kilikuwa kinanirudia masikioni. Nilimcheka mdogo wangu mbele ya wazazi wake, kwenye meza aliyokuwa anaifuta yeye enzi zile tunakua.

Siku iliyofuata nikampigia Nakijwa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ingekuwa nafuu. Akapokea kwa heshima zote, "Shikamoo kaka." Nikamwomba msamaha, nikamweleza kila kitu, hata kile kicheko.

Akasema, "Hicho nilikuwa nimeshakisikia kwa mama. Alisema una mambo mengi kichwani, nisikuchukie."

Nikamuuliza ile siku ya ruhusa aliyopewa na bosi iliishiaje.

"Bosi hakuifuta, alisema siku ni yako, pumzika. Mimi sina pa kwenda huku, kaka. Nikaenda airport hivyohivyo. Nikasimama pale watu wanapotokea, nikaangalia wamama wa watu wanavyopokelewa. Nilipochoka nikarudi nyumbani kwa bosi."

Nilitoa simu sikioni. Nililia ofisini, mlango wazi, wenzangu wakadhani nimepata msiba.

Lile gauni jembamba la kitenge lilikuwa la kwake. Sasa hivi liko London kwenye kabati la Joyce, halimtoshi mtu.

Nikamwambia kurudi kwa mama kutapita kwake, nitapanga mimi, nitalipa mimi. Akanijibu kwa upole uleule, "Kaka, usipange. Muulize kwanza mama. Na akianza kusema, mwache amalize."

Jumamosi iliyopita nikapanda Mbaga. Nikakaa na baba mkubwa, nikampigia mama mkubwa, nikaweka loudspeaker. Baada ya salamu na habari za mjukuu nikamuuliza, "Mama mkubwa, kurudi ungependa kupita wapi?"

Kimya.

Wakuu, mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia samahani, nilitaka kumtajia Maskati mwenyewe, nilitaka kumsaidia. Nikauma meno nikasubiri.

"Baba yenu yuko hapo?" akauliza.

"Yuko."

"Basi mwanangu, nipitishe njia fupi. Nataka kufika nyumbani tu."

Mama wa watu alikuwa ameshakata tamaa, na aliyemkatisha ni mimi.

Hapo baba mkubwa akanyoosha mkono, akaichukua simu. Aliishika mbali na mdomo kama wazee wanavyoshika, akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde:

"Mama Joyce! Pitia kwa mtoto. Mwambie baba yake anamsalimia."

Upande wa pili nikasikia Joyce anauliza, "Mama, nini? Mama unalia nini?"

Ndipo tulipo, wakuu. Safari hii bosi wa Nakijwa bado hajasema kama atatoa siku nyingine. Inawezekana akatoa, inawezekana akakataa, na akikataa chanzo kitakuwa mimi, kwa sababu siku ilikuwepo na nikaipoteza nikicheka.

Nilichojifunza ni kidogo, ila kimenigharimu. Ukimpangia mzazi safari, usianze kumuuliza anataka kuona nini njiani. Muulize ana nani njiani. Kisha funga mdomo, hata kama kimya kinakuchoma. Nyuzi zangu za zamani nimewaomba mods wazifute.

Mnaoniona wa hovyo semeni tu, sitajibu wala sitakasirika. Na mlioko Oman au mliopita Maskati, naomba msaada wenu. Msiniambie mji una nini cha kuona. Niambieni mgeni akitoka ndani anatokea mlango upi, na kama pana mahali pa kukaa kwa mtu anayesubiri, maana mdogo wangu mara ya kwanza alisimama.