Mpite Mtu, Kafunge Mlango

Kwenye mafunzo ya zimamoto, kilichonishinda hakikuwa kubeba mtungi wa hewa wala kupanda ngazi ndefu huku mpira wa maji uko begani. Kilichonishinda ni kumpita mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa gunia la mchanga lililovalishwa ovaroli kuukuu. Tulimwita Bibi. Mkufunzi wetu, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa akimficha Bibi kwenye chumba kilichojaa moshi wa majani mabichi, kisha anatuingiza dirishani mmoja mmoja tukamtoe. Zoezi lilikuwa hivi: moto uko sebuleni, mtu yuko chumbani, na huwezi kumfikia kwa kupitia sebuleni. Basi unavunja dirisha la chumba chake na kuingia. Hatari inaanzia hapo, maana dirisha ulilovunja limeshaupa moto hewa, na kama mlango wa chumba uko wazi, moto utageuka na kukufuata humo ndani. Kwa hiyo ukishatua, hata kama Bibi yuko chini ya miguu yako, humgusi. Unampita, unatambaa mpaka mlangoni, unapapasa koridoni kama kuna mtu mwingine, unaufunga mlango, ndipo unarudi kumchukua.

Mimi kila mara nilimchukua kwanza. Nimezaliwa kwenye migomba, upande wa juu wa Tengeru, katika nyumba ambayo mtoto akimpita mtu mzima bila kusema shikamoo alikuwa analala na njaa. Nikimgusa Bibi tu, mikono inamkumbatia yenyewe. Mkufunzi alinipigia kelele kutoka nje, "Umekufa! Wewe umekufa na Bibi amekufa! Moto hausubiri marahaba!" Wenzangu waliangua kicheko, na kwa wiki nzima kila nikiingia bwaloni kuna mtu ananiuliza Bibi anaendeleaje.

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku moja nilivua barakoa nikamwambia mkufunzi mbele ya watu kwamba aliyetunga sheria ya kumruka mtu anayekufa hakuzaliwa na mwanamke. Nilitegemea adhabu. Yeye akasema tu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaniamuru nirudie zoezi. Nikarudia mpaka magoti yakachubuka, mpaka siku nilipomruka Bibi kama mtu anavyoruka mfereji, nikafunga mlango, nikarudi nikamtoa. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikufurahi, na nilijiambia kwamba likitokea la kweli sitaweza.

La kweli lilitokea Kwa Mrombo, siku ya soko, jua la mchana likiwa kali na upepo unapeperusha vumbi.

Gari letu lilipita kwa shida kati ya meza za nyanya na marundo ya mitumba, honi inalia, watu wanasogeza mali zao kwa uchungu wa kupoteza wateja. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, ya tofali za simenti, bati jekundu, nondo kwenye kila dirisha. Hatukuona ndimi za moto. Tuliona moshi mzito wa rangi ya kahawia unaotoka chini ya bati kwa kusukumwa, na moshi wa namna hiyo unatisha kuliko moto wenyewe, kwa sababu unakwambia kwamba ndani kuna joto linalosubiri hewa tu. Na mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa.

"Mmekuja na maji leo?" mtu mmoja alipiga kelele, na wengine wakacheka kicheko cha hasira. Maji tulikuwa nayo. Dhihaka hiyo tumeizoea, ingawa mimi binafsi bado inanichoma.

Mwanamume mmoja alitujia mbio, shati limejaa masizi, ufunguo mkononi. "Mama yangu yumo ndani! Hawezi kutembea!" Alieleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Mama alikuwa ametoka kwake, juu ya Maji ya Chai, kuja mjini kutibiwa mguu. Yeye alitoka kidogo kwenda kumnunulia dawa, akafunga mlango kwa nje kwa kuogopa wezi. Aliporudi akakuta moshi, akafungua, akajaribu kuingia, moshi ukamrudisha. Mlango akauacha wazi ili moshi upungue. Karibu kila mtu angefanya hivyo, na karibu kila mtu angekuwa amekosea.

"Chumba chake kiko wapi?" afande wetu aliuliza.

"Mwisho wa korido, nyuma kule."

"Mlango wa chumba uko wazi au umefungwa?"

"Wazi. Niliuacha wazi ili akiita majirani wasikie."

Afande akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele na kuuvuta mpaka ukafungika. Umati ulinguruma. "Mnamfungia mama wa watu!" Jiwe liligonga ubavu wa gari. Mwanamke mmoja alikuwa akipiga mayowe kwamba tunaua, na sikumlaumu, maana ningekuwa mahali pake ningepiga mayowe hayo hayo. Afande hakugeuka hata kutazama. Aliwapanga wawili mlangoni na mpira, akawaambia mlango usifunguliwe mpaka maji yafike mkononi. Mimi na mwenzangu akatutuma dirisha la nyuma.

Mwenzangu alichomeka mtaimbo kati ya nondo na ukuta. Simenti ilikuwa ya bei rahisi, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru fundi mbaya. Wakati nondo zinang'oka tulimsikia mama ndani, anakohoa, anaita jina la mwanawe. Mwanawe alikuwa ametufuata. Alikuwa ananisukuma mgongoni, "Ingia basi, dada! Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Nikamwambia arudi nyuma, na sikumwambia kwa adabu.

Tulivunja kioo. Moshi ulitoka juu ya vichwa vyetu, mwanzoni polepole, halafu kwa kasi, na nikajua moto umeshaanza kuvutwa upande wetu. Tulikubaliana kwamba mwenzangu atabaki dirishani akigonga ukuta kwa mtaimbo, ili niwe na sauti ya kurudia. Nikavaa barakoa, nikaingia kwa tumbo.

Mwanga wa dirisha uliishia pale pale nilipotua; mbele yake sikuona kitu, hata mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa sijasogea hata hatua mkono ulipokamata mguu wangu. Alikuwa pale pale chini ya dirisha. Alikuwa amejikokota kutoka kitandani kufuata mwanga, na sasa amenishika kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mgonjwa.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu, umekuja."

Nitasema ukweli wa kilichonipata. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuinama na kumnyanyua. Dirisha lilikuwa pale, juu ya kichwa chake. Lakini mama hakuwa gunia. Alikuwa mtu mzito, mguu hauna kazi, na kumpandisha dirishani kungehitaji watu wawili na muda, na muda huo moto ungetukuta wote watatu pale dirishani. Juu ya masikio yangu nilianza kusikia joto. Nikashika vidole vyake, nikavibandua kwenye mguu wangu kimoja kimoja. Alikuwa anasema hapana, hapana. Nikamvuka.

Nyuma yangu mwanawe alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. "Anamruka! Anamwacha mama!" Nilisikia vurugu, mwenzangu akimzuia asiingie, na mtaimbo ukaacha kugonga.

Nilifuata ukuta kwa mkono wa kulia. Kitanda, kiti, kona. Nilipofika mlangoni, korido ilikuwa na rangi ya chungwa juu karibu na dari, na ile rangi ilikuwa inatembea kuja. Nikanyoosha mkono koridoni, nikapapasa sakafu, hakuna mtu. Nikavuta mlango. Ukagoma.

Nikavuta tena. Kulikuwa na kitu kimeukaba chini. Nilipapasa nikashika mkungu wa ndizi, mkubwa, mbichi, aliokuja nao mama kutoka kijijini kama mtu yeyote wa kwetu anavyokwenda kwa mwanawe, maana nani anakwenda mjini mikono mitupu? Mkungu ulikuwa umewekwa kuushikilia mlango ukae wazi, sasa umeanguka, kikonyo chake kimenasa chini ya mlango. Niliuvuta, ukanasa. Niliupiga teke huku nimelala, nikautukana mkungu ule kwa Kimeru maneno ambayo mama yangu angenizaba kofi kwa kuyatamka. Joto lilikuwa linapita kwenye glavu. Mkufunzi alitufundisha pia upande wa pili wa sheria ile: mlango ukishindikana kufungwa na moto umefika, unatoka, na unatoka na ulichonacho, hata kama ni roho yako peke yake. Wazo hilo lilinijia waziwazi. Halafu mkungu ukateleza, mlango ukafungika.

Giza lilirudi, na joto likapungua papo hapo. Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba, lakini ulitosha.

Nikageuka kurudi kwa mama. Mwenzangu bado alikuwa ameshikana na mwanawe, sikusikia kugonga. Nilifuata ukuta mpaka chini ya dirisha, nikapapasa. Hakuwepo.

Nimeogopa mara nyingi katika kazi hii, lakini sijawahi kuogopa vile. Nilipapasa kushoto, nikapapasa kulia. Nikaita, na barakoa inameza sauti. Nikawaza ameingia uvunguni kunikimbia. Nikawaza amekufa. Nikaingiza mkono uvunguni, nikakuta viatu. Ndipo nilipokiacha kitanda na kutambaa katikati ya chumba, na goti langu likagonga bega lake. Alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimeelekea mlangoni. Alikuwa ananifuata.

Nilimkokota kwa khanga yake, nimeipitisha chini ya makwapa. Sikumbuki uzito. Mwenzangu aliniona mwanga wa dirisha ulipotugusa, akamwachia yule mwanamume, na wote wawili wakanyoosha mikono wakamvuta. Wakati miguu yake inapita dirishani nilisikia upande wa mbele mlango unafunguliwa na maji yanaanza kupiga dari.

Mama alikuwa anapumua. Walimlaza chini ya mti wa parachichi wa jirani, wakamvalisha barakoa ya hewa mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mimi nilikuwa nimekaa chini navua helmeti, mwanawe akanijia, akanikamata kola. "Ulimruka mama yangu! Nimekuona kwa macho yangu!" Moto ulipokwisha, afande alimshika mkono akampeleka ndani. Mlango wa chumba ulikuwa umeungua upande wa korido mpaka umekuwa mkaa. Upande wa chumbani rangi yake ya bluu ilikuwepo, imetoka malengelenge tu. Alipotoka nje alinipita, akapanda gari kumfuata mama yake hospitali.

Ilichukua muda mrefu kabla hajaja kituoni. Alisimama getini kama mtu aliyekuja kudaiwa. "Mama karudi nyumbani," alisema. "Anataka kukuona." Nilifikiri nakwenda kushukuriwa, na nilivaa sare safi kabisa, ujinga wangu.

Kwake ni juu, baada ya Maji ya Chai unakunja kupandisha mlima, kahawa na migomba pande zote. Tulimkuta barazani, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniruka?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Sauti yake ilikuwa bado ina mkwaruzo wa moshi. "Huyu amenieleza habari za mlango," alisema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Nimeelewa. Mlango usingefungwa tungekufa wote. Sina ugomvi na mlango. Nina swali moja. Nilisikia ukihangaika na ndizi zangu. Mlango ungekataa kabisa, ungerudi kwangu?"

"Angerudi, mama," mwanawe alisema haraka. "Nimekwambia kila siku, angerudi tu."

"Sikukuuliza wewe."

Nilikuwa nalo jibu. Jibu la kazi lipo, na jibu la adabu lipo, na yote mawili yalikuwa mdomoni. Nikamtazama vidole, vile nilivyovibandua, vimetulia juu ya khanga.

"Sijui, mama," nilisema.

Mwanawe aliinamisha kichwa. Mama akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi leo nitalala," alisema. "Huyu ananiambia ungerudi, ungerudi, na mimi usiku nashindwa kumwamini, namwona ananidanganya kama mtoto. Wewe hukunidanganya." Akamgeukia mwanawe. "Nenda kamletee mgeni loshoro."

Loshoro ikaja, mahindi ya moto yenye maziwa mgando mengi. Nilikula nikilia, na mama hakuniambia ninyamaze. Bakuli lilipokwisha aliniongezea.